UNENE ULIOZIDI KWA VIJANA WA SHULE

Wengi wetu tumeonja njaa, hivyo mtoto akinenepa tunafurahi: "Sasa ana afya." Lakini unene uliozidi si afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi.

Unasababishwa na nini?
Chakula kikizidi kile ambacho mwili unatumia, ziada hugeuka mafuta. Chipsi, mandazi na soda hunenepesha bila kujenga mwili. Soda ya mililita 500 huweza kuwa na sukari karibu vijiko 12 vya chai. Ndiyo maana hata kijana mnene anaweza kupungukiwa damu.

Una madhara gani?
Huleta kisukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Kijana akichekwa na wenzake huweza hata kuacha shule.

Tufanye nini?
- Mzazi, usimnyime mlo, bado anakua. Punguza soda na vyakula vya kukaanga, ongeza maharage, mboga za majani na matunda.
- Acheze au atembee haraka angalau saa moja kila siku. Wasichana nao waruhusiwe kucheza.
- Usikadirie kwa macho. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu kulingana na umri wake.
- Akiwa na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, mpeleke siku hiyo hiyo.
- Walimu, komesheni majina ya dhihaka darasani.