Hifadhi ya klasta: pesa ianzie kwenye mtandao

Ceph, programu ya kuunganisha diski za seva kadhaa ziwe hifadhi moja, hailipiwi. Sage Weil aliianza akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na mpaka leo unaipakua bure. Gharama iko kwenye vifaa inavyokalia: swichi, kebo, kadi za mtandao, diski na umeme. Chuo au hospitali inayotaka kuunganisha seva tatu ziwe hifadhi moja inaweza kutumia pesa zilezile ikapata mfumo wa kutegemewa, au ikapata mzigo. Kinachoamua ni mpangilio wa manunuzi. Wengi huanza na ukubwa wa diski. Mimi nasema anza na mtandao, ufuate ubora wa diski, terabaiti zije mwisho.

Kwa kawaida Ceph hutunza nakala tatu za kila data, kila moja kwenye seva yake, na anayeandika hajibiwi kuwa kazi imekwisha mpaka nakala zote zimetua. Kila uandishi, basi, hupita kwenye waya. Poti ya gigabiti 1 iliyokuja na seva hupitisha kama megabaiti 117 kwa sekunde, ambazo diski moja tu ya kuzunguka ya siku hizi inaweza kuzimaliza. Tatizo huonekana zaidi siku diski inapokufa. Kurudisha terabaiti 1 kwa gigabiti 1 huchukua takriban saa tatu, kwa hiyo diski ya terabaiti 8 iliyojaa hula siku nzima, na muda wote huo watumiaji wanang'ang'ania njia ileile. Kwa gigabiti 10, terabaiti 1 ni kama dakika 20, diski zikiwa na kasi ya kutosha.

Bei ya swichi ya gigabiti 10 huwarudisha watu nyuma, lakini kwa seva tatu unaweza kuanza bila swichi hiyo. Kila seva ipewe kadi yenye poti mbili za SFP+, kisha kebo tatu fupi za DAC ziunganishe kila seva na wenzake wawili moja kwa moja. Kadi zilizotumika, kama Intel X520, zinafaa kabisa kwa kazi hii. Poti za gigabiti 10 za RJ45 nazo zipo, ila hula umeme zaidi na hupata joto; chumba chako kikiwa na kiyoyozi cha kubahatisha, ziache. Kasoro ya mpango wa bila swichi ni kwamba siku ukileta seva ya nne, swichi utainunua tu. Kama unaona ukuaji ndani ya miaka miwili, inunue sasa.

Kwenye diski ndipo pesa hupotea kimyakimya. SSD za madukani zilizotengenezwa kwa kompyuta za mezani huonekana nafuu, na kipimo cha kasi kwenye boksi kinavutia. Lakini Ceph hutaka kila uandishi uthibitishwe kuwa umefika salama. SSD ya seva ina kapasita za kuhifadhi umeme wa muda mfupi, kwa hiyo huthibitisha papo hapo. Isiyo nazo lazima isubiri. Ukizipima kwa programu ya fio, kwa maandishi madogo ya kilobaiti 4 yanayothibitishwa moja moja, ya kwanza hufikisha makumi ya maelfu kwa sekunde, ya pili mara nyingi huangukia mamia. Na sisi ambao umeme hukatika bila taarifa tunazihitaji kapasita hizo kuliko mtu yeyote. Kwa diski za kuzunguka, epuka zenye teknolojia ya SMR, ambayo hupanga njia za data zikipandana, na hivyo uandishi mwingi hudorora. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa na SMR bila wanunuzi kuelezwa, kwa hiyo jina la familia ya diski pekee halitoshi. Kadi ya RAID ya bei kubwa nayo usiinunue. Ceph hutaka kuiona kila diski yenyewe, tupu, bila mgao wala mfumo wa faili.

Sasa hesabu ya ukubwa. Seva tatu zenye diski nne za terabaiti 8 ni terabaiti 96 kwenye risiti. Kwa nakala tatu zinabaki 32, na kwa kuwa Ceph huanza kutoa onyo diski zikifika asilimia 85, hesabu 27. Nakala mbili zingekupa zaidi, lakini kwa data ya wagonjwa au ya fedha sishauri hata kidogo. Mtindo wa kugawa data vipande vinne na viwili vya akiba ungekupa 64 kutoka diski zilezile, ila unahitaji seva sita. Kumbukumbu ya RAM ni gigabaiti 4 kwa kila diski, yaani 16 kwa diski nne, na mfumo wenyewe nao unahitaji yake, kwa hiyo 32 kwa seva ndiyo pa kuanzia.

Usisahau umeme. Seva inayovuta wati 200 mfululizo hula uniti 1,752 kwa mwaka; tatu ni 5,256. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, ongeza kiyoyozi na UPS.

Hesabu hiyo ikikuelemea, na kazi yako inaweza kuvumilia kusimama saa chache, seva moja yenye mfumo wa faili wa ZFS pamoja na nakala rudufu kwenye jengo lingine ni chaguo bora kwa bei ndogo zaidi. Nakala rudufu hiyo utaihitaji hata ukiwa na klasta, maana faili likifutwa kwa makosa hufutwa kwenye nakala zote tatu.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji namba kamili ya modeli ya kila diski, uisome kwenye karatasi ya mtengenezaji: je, ina kinga ya kukatika umeme, je, ni SMR? Akishindwa kukupa namba hiyo, nunua kwingine.