Rimoti ya gari ikigoma: Usivunje kioo kabla ya kujua haya

Na Mwandishi Wetu, Ushetu

MILANGO imefungwa, rimoti iko mkononi, kitufe kimebonyezwa mara kumi na gari limekaa kimya. Kwa dereva aliye mjini, hiyo ni kero ya muda mfupi, kwa kuwa fundi umeme wa magari hupatikana mtaa wa pili. Kwa aliye Ulowa, Ubagwe au Uyogo katika Halmashauri ya Ushetu, hasa usiku na akiwa na mgonjwa wa kupeleka Kahama, jambo hilo hubadilika na kuwa dharura.

Mashaka hayo ndiyo huwafanya baadhi ya wamiliki kuvunja kioo, au kulipa fedha nyingi ili gari livutwe hadi mjini, ilhali kilichokufa ni betri ndogo yenye umbo la sarafu. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua tatizo hatua kwa hatua, kuanzia lile lisilo na gharama.

Kwanza, ni vema msomaji akafahamu kwamba ufunguo wa kisasa hufanya kazi mbili zisizotegemeana. Kazi ya kwanza ni kufungua na kufunga milango kwa mawimbi ya redio, nayo huhitaji betri. Kazi ya pili ni kulithibitishia gari kwamba ufunguo huo ni wake, ili injini ikubali kuwaka. Hiyo hufanywa na chipu ndogo iliyo ndani ya ufunguo, ambayo haihitaji betri. Hupata nguvu kutoka kwenye gari lenyewe inapokaribishwa sehemu ya kuwashia. Kwa hiyo rimoti iliyokufa betri bado inaweza kuliwasha gari.

Kuingia ndani nako kunawezekana. Rimoti za magari yasiyo na tundu la kuwashia, kama vile Toyota Crown na Mark X nyingi zinazoagizwa kutoka Japani zikiwa zimetumika, huficha ufunguo mdogo wa chuma ndani yake. Tafuta kilimi kidogo ubavuni au nyuma ya rimoti, kisukume, kisha uvute ufunguo huo. Tundu lake kwa kawaida liko mlango wa dereva, na katika baadhi ya magari hufunikwa kwa kifuniko cha plastiki. King'ora kikilia usishituke; kwa kawaida hunyamaza injini inapowaka.

Ukishaingia, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza kitufe hicho. Kwa magari mengi ya Toyota, upande wa kugusisha ni ule wenye nembo. Baadhi ya magari ya kampuni nyingine yana tundu maalumu la kuchomeka rimoti karibu na usukani.

Baada ya hapo ndipo utafute chanzo. Anza na ufunguo wa akiba kama unao. Ukifanya kazi, tatizo liko kwenye rimoti ya kwanza. Zote mbili zikigoma, tazama gari. Taa za ndani zisipowaka na honi isipolia, betri kubwa ya volti 12 huenda imeisha, na hakuna rimoti itakayofungua milango hiyo hadi betri ichajiwe.

Ikiwa gari lina umeme, jaribu kusogea. Mawimbi ya rimoti ni dhaifu na huweza kuzidiwa na mitambo mingine inayorusha mawimbi jirani. Mwaka 2019, katika mji wa North Olmsted, jimbo la Ohio nchini Marekani, rimoti za magari na za milango ya gereji ziligoma kwa wiki kadhaa katika mitaa kadhaa. Uchunguzi ulibaini kwamba mkazi mmoja alijitengenezea kifaa nyumbani, nacho kilikuwa kikirusha mawimbi mfululizo katika masafa ya megahezi 315. Kifaa kilipozimwa, rimoti zikarejea katika hali ya kawaida. Kwa hiyo gari likigoma mahali pamoja tu na kukubali kwingine, lawama si za rimoti.

Likigoma kila mahali, geukia betri ya rimoti. Dalili ya kuisha kwake ni umbali kupungua: jana ulifungua ukiwa barazani, leo hadi usimame mlangoni. Aina ya betri huandikwa juu yake, na namba hizo zina maana. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2016 ina kipenyo hicho hicho lakini unene wa milimita 1.6, CR1632 ina kipenyo cha milimita 16. Kuweka nyembamba mahali pa nene na kujazia karatasi ni kujitafutia tatizo jipya, kwani mguso hulegea kila gari linaporuka kwenye makorongo. Betri mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo kwenye mita ya fundi. Ikisoma chini ya 2.8 si ya kuaminiwa tena.

Unapoifungua rimoti, kagua pia vibati vinavyogusa betri. Vumbi la kiangazi, jasho na maji ya mvua huleta kutu. Iliyolowa maji itolewe betri mara moja, ifutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, kisha ikaushwe kivulini.

Betri mpya isipoleta nafuu, huenda rimoti na gari vimepoteana. Kila unapobonyeza, rimoti hutuma namba mpya ya siri ili mwizi asiweze kunasa ya zamani na kuitumia. Mtoto akichezea rimoti mbali na gari na kuibonyeza mara nyingi mno, namba zake huweza kutangulia zile zinazotarajiwa na gari. Baadhi ya magari hujirekebisha yenyewe. Mengine huhitaji fundi mwenye kompyuta ya magari ili kuioanisha upya.

Hapo tahadhari mbili ni muhimu. Mosi, usinunue rimoti kwa kutazama umbo pekee. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia masafa yanayokaribia megahezi 315, wakati ya Ulaya hutumia zaidi megahezi 433.92, zinaweza kufanana kwa sura na zisielewane kamwe. Pili, uwepo wakati wa kazi hiyo na umwombe fundi akuoneshe ni funguo ngapi zinatambuliwa na gari lako. Kwa gari lililowahi kuwa na mmiliki mwingine, funguo usizozijua zifutwe.

Yote hayo yana kighairi kimoja. Mtoto akiwa amefungiwa ndani ya gari juani, usipoteze dakika kutafuta betri. Joto ndani ya gari lililofungwa huweza kupanda kwa karibu nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 tu. Vunja kioo kilicho mbali naye.

Kwa wengine wote, kinga ni rahisi. Leo, gari likiwa zima na mchana ungalipo, toa ule ufunguo wa chuma na ujaribu kufungua mlango nao. Wapo wanaonunua gari na kumbe ufunguo huo ulikwishapotea, au tundu limeganda kwa vumbi na kutotumika. Kisha weka betri moja ya akiba mfukoni au nyumbani, kamwe isiwe ndani ya gari lenyewe. Betri hizo zitunzwe mbali na watoto, kwani wakizimeza zinaweza kuwaunguza koo na kuhatarisha maisha yao.