Ufa na Njia ya Mzigo: Ukaguzi na Ukarabati wa Vibebeo vya Difu katika Fremu ya Triumph TR6

Makala haya yanafafanua namna ya kukagua na kukarabati nyufa zinazotokea kwenye vibebeo vya difu vya Triumph TR6, gari la michezo la viti viwili lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1968 hadi 1976. Hoja inayotetewa ni kwamba ufa hubeba habari, na habari hiyo husomwa kabla ya grenda kuwashwa. Mahali ufa ulipoanzia na upande unakoelekea huonesha njia uliyopita mzigo. Fundi anayejaza ufa bila kuibadili njia hiyo huuhamisha tu, na baada ya muda atauona tena sentimita chache pembeni.

Chanzo cha tatizo ni cha kihistoria. Katika magari ya TR yaliyotangulia, difu ilikuwa sehemu ya ekseli nzima iliyobebwa na springi za majani, na springi hizo ndizo zilizopokea msukosuko wake. Mwaka 1965 ilitoka TR4A, yenye fremu mpya iliyoruhusu magurudumu ya nyuma kujitegemea. Katika mpangilio huo difu haipandi na kushuka pamoja na magurudumu. Inaning'inia chini ya fremu kwa pini nne, mbili mbele na mbili nyuma, zikiwa na raba juu na chini. Injini ya TR4A ilikuwa ya silinda nne, yenye nguvu farasi zipatazo 104. Miaka miwili baadaye TR5 iliwekewa injini ya silinda sita ya lita 2.5, ambayo katika toleo la Uingereza ilitajwa kuwa na nguvu farasi 150. TR6 ilirithi injini hiyo, na kimsingi ilirithi pia fremu ya mwaka 1965.

Difu inaposukuma magurudumu mbele, gamba lake hujaribu kuzunguka kinyume, hivyo pua yake hunyanyuka. Wakati huohuo propela hulipindua gamba hilo kiubavu, upande wa kulia wa gari ukienda juu na wa kushoto ukienda chini. Nguvu hizi mbili hujumlishana kwenye pini ya mbele kulia, na pini hiyo ndiyo inayosifika kwa kuvunjika. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, mzigo hugeuka. Kugeuka huko, kunakorudiwa kila gia inapobadilishwa kwa miaka hamsini, ndiko kunakozaa uchovu wa metali. Chuma hupasuka chini ya mzigo ambao kingeuhimili bila taabu iwapo ungekuja mara moja. Raba zilizochakaa huzidisha madhara, kwa kuwa msukumo huwa pigo.

Hapa istilahi zinahitaji uangalifu. Nimetumia *kuchomelea* badala ya *kulehemu* kwa sababu katika lehemu kinachoyeyuka ni kiungio tu, ilhali katika uchomeleaji vyuma vyenyewe huyeyuka na kuungana. Aidha, kauli kwamba "mshono umeachia" inafunika mambo mawili tofauti. Ufa unaopita katikati ya mshono huelekeza lawama kwa mchomeleaji: huenda joto halikupenya, au mshono ulikuwa mwembamba. Ufa unaofuata ukingo wa mshono, ndani ya bati lililoguswa na joto, huelekeza lawama kwa umbo: mshono ni mgumu, bati ni jembamba, na mzigo wote umekusanyika pale viwili hivyo vinapokutana. Kwenye TR6 ufa wa aina ya pili ndio wa kutarajiwa, kwa kuwa kibebeo ni bati lililokunjwa na kuachwa wazi upande mmoja, nayo pini imeshikwa kwenye uso mmoja wa bati hilo.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni kishindo kutoka nyuma klachi inapoachiwa, kisha kingine mguu unapotoka kwenye mafuta. Ukaguzi wa macho pekee hautoshi, kwani eneo hilo hufunikwa na mafuta ya difu yaliyochanganyika na vumbi. Lisafishwe kwa kiyeyushi na brashi ya waya. Kupuliza mchanga au kupitisha grenda katika hatua hii ni kosa linalofanywa na watu makini kabisa, maana hukunja midomo ya ufa na kuufunga. Baada ya hapo hupakwa rangi nyekundu ya kupenya, ikaachwa kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji wake, ikafutwa kwa kitambaa chenye unyevu wa kiyeyushi (kiyeyushi kisimwagwe moja kwa moja juu ya chuma), kisha ikapuliziwa unga mweupe. Penye ufa, mstari mwekundu hujitokeza. Pini zote nne zikaguliwe, kwa kuwa moja ikilegea nyingine hubeba sehemu ya mzigo wake. Kipande kikiwa kimeng'oka kabisa, uso wake utazamwe: mistari iliyopinda, mfano wa alama za maji yanayokupwa ufukweni, ni ushahidi kwamba ufa ulikua polepole, na mistari hiyo huzunguka mahali ulipoanzia.

Kabla ya kuchomelea, betri na alteneta hutenganishwa, na tangi la petroli, ambalo katika gari hili liko nyuma ya viti, hutolewa nje. Difu nayo hushushwa. Tundu dogo la takribani milimita 3 hutobolewa mbele kidogo ya kila ncha ya ufa ili kuuzuia usiendelee. Kisha ufa huchimbwa kwa umbo la V hadi chuma safi kionekane, na hujazwa kwa mishono mifupi inayoachwa ipoe.

Kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza. Upande wa kibebeo ulio wazi hufungwa kwa bamba ili kiwe kisanduku, na pini hupitishwa kwenye bamba hilo na kuchomelewa hapo pia, hivyo ishikwe sehemu mbili badala ya moja. Kwa maoni yangu bamba nene kupita kiasi ni hatari kuliko jembamba, kwani huunda ukingo mpya mgumu kando ya bati laini. Pembe zake ziwe za mviringo, na mshono usiishie kwenye ukingo wa kibebeo. Tundu la kutolea maji liachwe chini, vinginevyo kutu itakula kwa ndani. Ili nafasi ya pini isipotee, difu hurudishwa kwa muda iwe kipimo, vipande vikashikizwa kwa nukta chache za kuchomelea, kisha hushushwa tena kabla ya mishono kamili, maana joto lingeunguza raba.

Chuma kikishapoa, rangi ya kupenya hupakwa upya, safari hii kwenye kingo za bamba na kuzunguka mguu wa pini, kabla ya rangi ya kinga kufunika chochote.