Panya wa Kulisha Nyoka: Wa Mtegoni Hafai

Mfanyabiashara wa Rugaaga au Nakivale akipata oda ya panya kutoka kwa mfugaji wa nyoka aliyeko Mbarara au Entebbe, wazo la kwanza huwa ni kutega ghalani. Panya wa ghalani ni wa bure, lakini hafai.

Sababu kubwa ni sumu. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda, na panya aliyezila hutembea siku kadhaa kabla ya kufa. Kwa macho ni mzima. Nyoka akimmeza, anameza na sumu. Wa mtegoni huja pia na minyoo na viroboto, ambao ni hatari hata kwa dereva.

Anayetakiwa ni panya wa kufugwa, asiyezidi unene wa kiwiliwili cha nyoka. Aliyeuawa na kugandishwa ni bora, kwani panya hai humng'ata nyoka asiye na njaa. Barafu ikiyeyuka njiani mzigo usigandishwe tena, kwa hiyo heri kusafiri usiku.

Nyoka mwenyewe ni habari nyingine: chatu yumo katika orodha ya CITES, na kumvusha Mutukula kunahitaji kibali.