Wavuvi wa Usiku wa Ziwa la Kivu

Mtu afikaye Bukavu kwa mara ya kwanza hustaajabia uzuri wa mahali penyewe. Nyumba zimepanda juu ya vilima, na vilima vimeingia ziwani kama vidole vya mkono. Lakini yafaa mgeni huyo angoje hadi usiku. Jua likiisha kuzama, na mwezi usipokuwapo, taa huanza kuonekana juu ya maji: kwanza moja, kisha tano, kisha nyingi hata asiweze kuzihesabu. Hudhani ameona mji mwingine ng’ambo. Sio mji. Ni wavuvi wa sambaza, wameanza kazi wakati wengine wanapofunga milango.

Leo twataka kuwaeleza kazi ya watu hao, na kazi ya akina mama wanaowangoja asubuhi ufukoni. Sahani ya ugali na sambaza ni kitu cha kila siku katika nyumba nyingi za Bukavu, na kitu cha kila siku mara nyingi hatukiulizi kimetoka wapi. Basi, tukiulize.

Ziwa refu kwenda chini, samaki wachache

Ziwa la Kivu liko juu sana, kadiri ya mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kina chake chafika mita 485. Mtu angedhani ziwa la namna hii limejaa samaki. Sivyo. Maji yake ya chini yamejaa gesi, tena hayana hewa ya kupumulia viumbe. Ukishuka kupita mita 60 hivi, samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo ziwa hili ni kama nyumba ya ghorofa nyingi ambayo watu wake wote wanakaa katika ghorofa ya juu tu.

Kuna na sababu ya pili. Maji ya Kivu hutoka hapa Bukavu kwa mto Rusizi, yakateremka kwa nguvu kati ya mawe mpaka ziwa la Tanganyika, ambalo liko chini zaidi kwa mita 700 hivi. Samaki wa Tanganyika, walio wa aina nyingi mno, hawakuweza kuupanda mteremko huo. Ndiyo maana Kivu lina aina zisizofika hata 40, na Tanganyika lina mamia.

Wazee wa Bahavu na Bashi walivua karibu na ufuko kwa ndoana, kwa mitego na kwa nyavu ndogo. Walipata kambale, tilapia na samaki wengine wadogo. Lakini katikati ya ziwa palikuwa kama shamba lisilolimwa. Wadudu wadogo sana wa majini walikuwa wengi, na hapakuwa na samaki wa kuwala.

Samaki aliyeletwa kwa mkono wa mtu

Kati ya miaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, wataalamu walichukua makumi ya maelfu ya vifaranga vya samaki kutoka Tanganyika wakavimwaga Kivu. Walikuwamo samaki wa aina mbili. Aina moja ikapotea. Ya pili ikakaa, ikazaa, ikaenea ziwa zima. Wataalamu humwita Limnothrissa miodon, na sisi twamwita sambaza. Kwa Kiswahili kusambaza ni kutawanya, na kweli samaki huyu ametawanyika pande zote.

Hata hivyo miaka mingi ikapita bila watu kupata faida kubwa. Sambaza alikuwapo, lakini mitego ya zamani haikuweza kumfikia huko mbali katikati ya maji. Mwaka 1979 mradi wa Umoja wa Mataifa ulianza kujaribu uvuvi wa taa huko Gisenyi, upande wa Rwanda. Jaribio likafaulu, na katika miaka ya 1980 ufundi huo ukaenea pande zote mbili za ziwa. Kumbe taa hizi tunazoziona usiku, ambazo watoto wetu hudhani zimekuwako tangu mababu, umri wake haufiki miaka hamsini.

Kazi ya usiku

Chombo cha mvuvi wa sambaza ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, nayo miti hiyo imetokeza mbele na nyuma kama pembe. Wavu mkubwa hutundikwa katika miti hiyo, ukashushwa majini kwa kamba.

Tabia ya sambaza ndiyo iliyofundisha kazi hii. Mchana hukaa chini, akijificha asiliwe na ndege wala na samaki wengine. Usiku hupanda akiwafuata wale wadudu wadogo wanaopanda pia. Akiona nuru juu ya maji huisogelea. Basi wavuvi huwasha taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Kisha hungoja kimya. Saa nzima hupita, pengine zaidi. Samaki wakiisha kukusanyika juu ya wavu, mkubwa wa chombo hutoa amri, na watu wote huvuta kamba kwa pamoja, kwa kuwa upande mmoja ukichelewa wavu huinama na samaki humwagika. Ndiyo maana huimba: wimbo ni kipimo cha mikono. Wakiisha kumwaga samaki chomboni, hushusha wavu tena. Hufanya hivyo mara kadhaa mpaka alfajiri.

Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina nguvu, kwa sababu nuru imeenea ziwa zima na samaki hawana haja ya kukusanyika mahali pamoja. Siku hizo wavuvi hukaa nyumbani, wakashona nyavu na kuziba mitumbwi.

Tusidhani kazi hii ni ya raha. Baridi ya usiku kwenye mita 1,460 hupenya nguo, hasa nguo iliyolowa. Upepo huweza kuinuka kwa ghafula kati ya bara na kisiwa cha Idjwi, na wako wavuvi wasiojua kuogelea. Tena mpaka wa Kongo na Rwanda umepita katikati ya ziwa, wala usiku haumwonyeshi mtu alama yoyote. Chombo kikisukumwa na upepo upande wa pili, mvuvi aweza kupoteza wavu wake. Na mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Bukavu yenyewe. Siku za namna hiyo kuwasha taa ziwani ni kujionyesha, na kubaki nyumbani ni kulaza watoto na njaa. Mtu asiyepata kuchagua kati ya mambo hayo mawili na amshukuru Mungu.

Asubuhi ufukoni

Kabla jua halijapanda vizuri, akina mama wamekwisha kufika bichi, kama wasemavyo watu wa Bukavu, na beseni zao na ndoo zao. Wametoka Kadutu, Bagira na kwingineko, wengine kwa miguu gizani. Wanatazama vyombo vinavyokuja. Chombo kilicholala sana majini kimejaa, na chombo kinachocheza juu ya mawimbi kimerudi kitupu.

Hapo bei hupatana kwa haraka na kwa maneno mengi.

“Baba, samaki hawa ni wadogo, unipunguzie.”

“Mama, mafuta ya taa hayakupunguzwa. Nikupunguzie na nini?”

“Basi niongeze kidogo juu, nina watoto.”

“Haya mama, chukua, lakini kesho usiende kwa mwingine.”

Wengi huchukua kwa deni, wakalipa jioni baada ya kuuza. Kwa hiyo mama huyo anashindana na jua. Sambaza ni samaki laini, na mahali pasipo barafu huharibika siku ile ile. Wabichi hupimwa kwa kopo sokoni na barabarani. Wanaobaki hukaangwa kwa mafuta ya mawese, au huanikwa juani. Msimu wa mvua ukiwa mkali kuanika ni shida, na beseni moja lililooza laweza kuila faida ya juma zima. Ukiona mama anaita wanunuzi kwa sauti iliyokauka saa kumi ya jioni, usidhani ana hasira. Ana deni.

Kwa upande wa wavuvi, desturi nyingi zafanana. Kwanza huondolewa gharama za taa na za chakula, kisha mwenye wavu na mitumbwi hupata fungu lake, na watu wa kamba hugawana linalobaki. Ushuru nao haukosi. Mtu aliyevuta kamba usiku kucha pengine hurudi nyumbani na samaki wa mboga tu na fedha ya sabuni.

Wenzao wa mbali

Mambo haya si ya Kivu peke yake. Huko Uingereza, pembe ya kusini-magharibi, kuna nchi iitwayo Cornwall, yenye bandari ndogo ndogo kama Newlyn, Mousehole na St Ives. Kwa miaka mingi watu wake waliishi kwa samaki aliye ndugu wa karibu wa sambaza, yaani sardini. Walimweka mlinzi juu ya jabali. Akiona maji yamebadilika rangi kwa wingi wa samaki alipiga kelele, na kijiji kizima kikakimbilia mashua. Wanawake walipanga samaki katika chumvi, wakawakamua mafuta, wakawajaza mapipani. Mapipa hayo yalipelekwa hasa Italia, kwa kuwa Wakatoliki wa huko walihitaji samaki wakati wa Kwaresima.

Mwaka 1896 palitokea ugomvi mkubwa Newlyn. Wavuvi wa Cornwall hawakuvua siku ya Dominika. Wavuvi waliotoka mashariki mwa Uingereza walivua siku hiyo pia, wakawa wa kwanza kufika sokoni Jumatatu. Watu wa Newlyn wakakasirika, wakatupa samaki wa wageni hao baharini, hata serikali ikaleta askari. Hatuusifu ugomvi. Lakini twaona swali lililokuwa ndani yake: mmoja akiliheshimu pumziko na jirani yake asiliheshimu, nani atapata hasara? Na baadaye, katika karne ya 20, makundi makubwa ya sardini yalipungua mbele ya pwani hiyo, na mavuno ya zamani yakawa hadithi ya wazee. Bandari ya Newlyn ingaliko na yavua hata leo, lakini kwa kanuni, vipimo na majira.

Wavu wa matundu madogo

Swali hilo hilo liko Kivu. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja Mbelgiji, Dumont, alionya kwamba sambaza atamaliza wadudu wanaomlisha, kisha uvuvi utakufa. Kweli mdudu mmoja mkubwa kati ya hao alitoweka. Lakini uvuvi haukufa. Wataalamu, pamoja na walimu wa Institut Supérieur Pédagogique ya Bukavu, wameendelea kulichunguza ziwa, na vipimo vilivyofanywa baada ya mwaka 2005 vilionyesha kwamba wingi wa samaki ulikaribiana na ule wa mwisho wa miaka ya 1980. Ziwa limevumilia kuliko ilivyodhaniwa.

Uvumilivu huo hauna budi kuheshimiwa. Sambaza huzaa karibu na ufuko, na watoto wake hukaa huko mpaka wapate nguvu ya kwenda katikati. Kumbe ufuko ndiko wako watu wanaokokota nyavu za matundu madogo mno, na wengine huvua hata kwa chandarua cha mbu. Beseni linalojaa vifaranga halimlishi mtu siku mbili. Vifaranga hivyo vikiachwa miezi michache vingekuwa mabeseni mengi. Wahenga walisema: Mtaka yote hukosa yote. Upande wa Rwanda uvuvi wa sambaza hufungwa kila mwaka kwa miezi miwili hivi, samaki wapate kukua. Lakini ziwa ni moja, na samaki hawajui mpaka. Upande mmoja ukipumzisha maji na wa pili usiyapumzishe, tumerudi Newlyn.

Tusimhukumu upesi anayevua kwa chandarua. Mara nyingi hana mtumbwi, hana taa, na ana watoto. Dawa yake si kumchomea wavu tu. Majirani na washiriki wenzake wamsaidie kuingia katika chombo cha halali, au kupata kazi nyingine ya kumlisha. Chama kidogo cha wavuvi kinachoweka akiba wakati wa samaki wengi huweza kustahimili mwezi wa kufunga. Asiyeweka kitu hawezi, hata akitaka.

Ninyi akina mama mnaonunua, mnayo nguvu kuliko mnavyodhani. Vifaranga visiponunuliwa, havitavuliwa. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu anasinzia darasani, ulizeni kwanza kama usiku alikuwa kwenye kamba pamoja na baba yake. Mkopesheni daftari, mwelezeni somo lililompita. Yeye pia huenda ndiye aliyevua samaki mliokula jana jioni.

Samaki huyu aliletwa Kivu kwa mkono wa mtu, akatupwa ziwani kwa matumaini, na watu walingoja miaka karibu ishirini kabla ya kuvuna vizuri. Hao waliweza kungoja miaka ishirini. Sisi twashindwaje kungoja miezi miwili?