HESABU YA PETROLI NA OILI



Katika mialo yetu ya Ziwa Victoria, kama Kayenze na Igombe, na huko Ukerewe, mitumbwi mingi inaendeshwa kwa injini. Injini nyingi za mipigo miwili hazina mahali pa oili peke yake. Oili inachanganywa na petroli. Leo tujifunze hesabu yake.

Kwa nini tupime?

Oili ikipungua, pistoni inasuguana na silinda, inapata moto, halafu inashika. Injini inazimika katikati ya ziwa, pengine upepo ni mkali na watu wamo. Oili ikizidi, moshi unakuwa mwingi, plagi inachafuka na fedha inapotea bure. Kukisia kwa macho hakufai.

Uwiano

Injini nyingi hutaka uwiano wa 1 kwa 50. Maana yake, sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Lita 1 ni mililita 1,000. Basi lita 1 ya petroli inataka oili:

1,000 ÷ 50 = mililita 20.

Dumu la petroli lita 20 linataka 20 × 20 = mililita 400.

Injini mpya mara nyingi huanza na 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Lakini injini hazifanani. Fuata kitabu cha injini yako.

Kama umekosea kuchanganya

Usimwage, wala usiwashe injini. Piga hesabu. Namba tusiyoijua tuiite x.

1. Oili imepungua. Mvuvi ana petroli lita 20, ametia oili mililita 250 tu. Aongeze ngapi?

250 + x = 400
x = 400 – 250
x = 150

Aongeze oili mililita 150.

2. Oili imezidi. Petroli ni lita 10, oili ni mililita 300. Oili haitoki tena, kwa hiyo tunaongeza petroli, lita x. Petroli yote itakuwa 10 + x, na kila lita inataka mililita 20:

20 × (10 + x) = 300
10 + x = 300 ÷ 20
10 + x = 15
x = 5

Aongeze petroli lita 5. Tuhakikishe: lita 15 × 20 = 300. Ni sawa.

Angalia: changanya mahali penye hewa, mbali na sigara, jiko na karabai. Tumia chombo chenye alama za mililita. Funga dumu, litikise vizuri, ndipo ujaze tangi.

Zoezi (uwiano ni 1 kwa 50)

(a) Petroli lita 15, oili mililita 200. Uongeze oili kiasi gani?
(b) Petroli lita 5, oili mililita 160. Uongeze petroli kiasi gani?

Fanyeni wawili wawili, msaidiane. Msitazame majibu kabla ya kujaribu!

Majibu: (a) mililita 100. (b) lita 3.