Kwa Nini Namba za Kiingereza Humtatiza Asemaye Kihispania

Katika Kihispania namba 11 huandikwa "once". Katika Kiingereza herufi hizo hizo nne zina maana ya "mara moja". Mwaka 2010 jarida la Kimarekani la tiba ya watoto, Pediatrics, lilichapisha uchunguzi wa Iman Sharif na Julia Tse kuhusu vibandiko vya dawa vilivyotafsiriwa kwa kompyuta katika maduka ya dawa ya Bronx, mjini New York. Nusu ya vibandiko walivyovichunguza vilikuwa na makosa. Baadhi vilichanganya lugha mbili, na hapo ndipo ilipo hatari: neno "once" likiachwa bila kutafsiriwa, mzazi asomaye Kihispania aweza kumpa mtoto dawa mara kumi na moja kwa siku badala ya mara moja. Kwa mamilioni ya watu waliohamia Marekani kutoka Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, hesabu za kwanza za Kiingereza ni jambo la afya, la mshahara na la nauli.

Jambo la kushangaza ni kwamba namba za lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja. Hebu tuziweke pamoja: "dos" na "two", "tres" na "three", "seis" na "six", "diez" na "ten". Mahali penye d katika Kihispania, Kiingereza kina t. Penye t, kina th. Mabadiliko haya hayakutokea ovyo. Mwaka 1822 mtaalamu wa Kijerumani Jacob Grimm alieleza kanuni yake: konsonanti za lugha za Kijerumani, ambazo Kiingereza ni mojawapo, zilihama kwa utaratibu kutoka zile za asili, ambazo Kilatini, mama wa Kihispania, kilizihifadhi zaidi. Msomaji ajuaye Kikuyu atatambua jambo la namna hiyo katika lugha za Kibantu: "tatu" yetu kwao ni "ithatu", na "tano" ni "ithano".

Udugu huo husaidia mpaka kumi. Baada ya hapo njia huachana. Mhispania hupaswa kukariri maneno matano, kuanzia "once" hadi "quince", yaani 11 hadi 15. Kuanzia 16 mambo huwa wazi: "dieciséis" ni "kumi na sita" iliyounganishwa kuwa neno moja. Kiingereza hukaririsha mawili tu, "eleven" na "twelve", ambayo asili yake ni "moja lililobaki" na "mawili yaliyobaki" baada ya kuondoa kumi. Kisha hugeuza mpangilio: "sixteen" hutanguliza sita, na kumi hufuata. Mwanafunzi anayeandikishwa namba kwa sikio husikia sita kwanza, na mkono wake huandika 6 kabla ya wakati.

Lakini mtego mkubwa kupita yote ni jozi kama "thirteen" na "thirty", au "fifteen" na "fifty". Katika Kihispania 15 ni "quince" na 50 ni "cincuenta". Hakuna awezaye kuzichanganya. Katika Kiingereza tofauti imebebwa na mkazo, urefu wa irabu na konsonanti n ya mwisho. Kihispania, kama Kiswahili, kina irabu tano tu, wala hakitofautishi i fupi na i ndefu. Linalobaki kumwongoza mwanafunzi ni mkazo, nao humsaliti: Waingereza wenyewe wanapohesabu kwa mfululizo huusogeza mbele, hata "thirteen" ikakaribiana sana na "thirty". Kwa maoni yangu walimu hupoteza muda mwingi wakifundisha moja hadi kumi, ilhali jozi hizi ndizo zinazostahili zoezi la kila siku.

Sauti nyingine huleta aibu kuliko hatari. Kihispania hakitenganishi b na v, basi "seven" huwa "seben". Sauti th ya "three" haimsumbui mtu wa Madrid, kwani anayo katika "diez" yake. Wa Amerika ya Kilatini hana, naye husema "tri". Asemaye Kiswahili huanza akiwa na nafuu hapa, maana ameshatamka thelathini na themanini.

Maandishi nayo yana mitego. Nchini Hispania na katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini, alama ya desimali ni mkato, na nukta kwa desturi ilitenga maelfu. Kwa hiyo 2.500 yaweza kuwa elfu mbili na mia tano kwa mmoja, na mbili na nusu kwa mwingine. Mkutano Mkuu wa Vipimo wa mwaka 2003 ulikubali alama zote mbili kwa desimali, ukaagiza kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi tupu tu: 2 500. Tena "billón" ya Kihispania ni milioni ya milioni, ilhali "billion" ya Kiingereza cha leo ni milioni elfu moja. Uingereza nayo ilihesabu kama Wahispania, hadi serikali yake ilipotangaza mwaka 1974 kwamba takwimu zake zitafuata desturi ya Marekani.

Hata aliyekwisha kuzimudu namba hizi zote, akiulizwa saba mara nane, aghalabu hurudi kimya kimya katika lugha aliyojifunzia hesabu. Mwaka 2001 Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin waliwafundisha watu wasemao Kirusi na Kiingereza hesabu mpya kwa lugha moja, kisha wakawapima kwa zote mbili. Majibu kamili yalichelewa katika lugha isiyotumika kufundishia, lakini makadirio hayakuchelewa. Inaonekana kwamba ukubwa wa idadi huhifadhiwa akilini pasipo maneno, ilhali jibu kamili huhifadhiwa pamoja na maneno yaliyolifundisha.